Lebo Chini ya Lebo

Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Ndiyo, msomaji. Wewe siku saba umekula, umelala, umekwenda kazini na kurudi. Bibi Shamba yuko pale pale tulipomwacha: ndani ya ghala la Kampuni, amejibana nyuma ya lundo la madumu, anasikiliza kufuli likibanwa kwa nje. Baada ya kufuli ikaja sauti nyingine. Krrrr. Krrrr. Watu walikuwa wanavuta ile karatasi pana ya gundi, wakiziba mianya ya mlango kutoka juu hadi chini.

Ghala linafukizwa. Na yeye yumo.

Kama ndiyo kwanza unaungana nasi, shika haya machache upesi, maana mwenzetu hana muda.

Mama huyu kwa miaka sita alizunguka mashambani akiinadi mbegu ya Kampuni, mahindi yaliyobadilishwa maabara ili funza wa mabua akiyatafuna afe mwenyewe. "Hindi hili linajilinda lenyewe!" aliwaambia wakulima, nao wakampachika jina hilohilo. Akishuka tu kwenye gari, utasikia: Linajilinda kaja, leteni viti! Misimu mitatu mambo yakaenda vizuri. Msimu wa nne funza wakazoea. Wakayatafuna mahindi ya maabara kama walivyotafuna ya bibi zetu, na mkulima hakuwa hata na mbegu yake ya zamani ya kurudia, kwa sababu mkataba ulimkataza kuweka akiba. Ndipo Kampuni ikaleta madumu ya bluu. Lebo ilisema Kirutubisho. Chakula cha mmea. Hakina madhara kwa binadamu.

Funza wakafa. Wakafa na nyuki, wakafa na kuku waliodonoa wale funza. Na jana saa tatu asubuhi, mdogo wake Bibi Shamba, mpiga dawa ambaye watu humwita Mrefu, alianguka katikati ya mistari ya mahindi, bomba likiwa bado mgongoni, mapovu yakimtoka mdomoni.

"Chakula cha mmea hakimfanyi mtu hivi," daktari aliwaambia. "Hii ni sumu. Lakini sumu za namna hii ziko koo mbili, na dalili zake ni mapacha. Sindano ya kwanza nimeshampa, inamshikilia tu. Ya pili inaokoa kwenye moja. Kwenye nyingine inaweza kummaliza. Nileteeni jina halisi la kilichomo humo."

Ndiyo maana leo asubuhi Bibi Shamba aliingia ghalani peke yake, akapitisha ukucha kwenye lebo ya Kirutubisho, na chini yake akaona lebo nyingine. Kabla hajaisoma wakaingia watu watatu waliovaa barakoa za gesi. Akajificha, akidhani wamekuja kuhesabu mzigo. Hawakuhesabu kitu. Waliweka vidonge kwenye masinia, wakatoka, wakafunga.

Haya, tuendelee.

"Jamani!" alipiga kelele. "Fungueni! Kuna mtu huku!"

Krrrr. Krrrr.

Akapiga madumu kwa viganja. Yalikuwa yamejaa, yakatoa sauti kama ya kupiga godoro. Simu yake ilikuwa getini, ndani ya droo ya mlinzi, kama sheria ya Kampuni inavyotaka. Nje, mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma. Hata angekuwa na koo la ng'ombe, nani angemsikia?

Tulia, alijiambia. Tulia, mwanamke.

Vidonge vile alivijua. Havina neno vikiwa vikavu. Vikipata unyevu vinaanza kutoa gesi, na gesi hiyo haina huruma na mapafu. Kwa hewa kavu angekuwa na saa moja, pengine zaidi. Lakini juzi na jana ilinyesha mvua. Sakafu ilikuwa inatoa jasho.

Na harufu ilikuwa imeshaanza. Kitunguu saumu. Kitunguu saumu na samaki aliyeoza.

Akavuta chupa yake ya maji alowanishe mtandio afunike pua. Mkono ukakwama katikati. Mtandio wa maji hauzuii gesi hii, alikwishalisema mwenyewe katika semina si chini ya mara ishirini. Akaiweka chupa chini. Aliiweka vibaya. Ikayumba, ikalala, na maji yakaanza kutambaa.

Yalitambaa taratibu, kwa raha zao, kuelekea kwenye sinia la vidonge lililokuwa hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake.

Bibi Shamba hakuwaza. Alijitupa kifudifudi. Akayazuia maji kwa koti lake la kazi, kwa mikono, kwa kifua. Kidole kimoja cha maji kilimponyoka pembeni ya kiwiko, kikasogea, kikasogea, kikafika ukingo wa sinia na kusimama hapo, kikitetemeka.

Alibaki amelala hivyo, shavu sakafuni, akisikia moyo wake ukigonga saruji.

Kisha, kwa kuwa alikuwa amelala uso ukielekea madumu, akaiona tena. Lebo ya chini. Pembe moja ilikuwa imeachia. Dumu lenyewe lilikuwa linavuja kwenye mshono, na karatasi ilikuwa imelowa majimaji ya bluu, mazito kama mafuta ya kula.

Akainuka kwa magoti, akaivuta. Ikatoka nzima. Hakuwa na muda wa kuisoma, gizagiza la ghala halikuruhusu, na macho yalikuwa yanamwasha kwa harufu. Aiweke wapi? Getini mlinzi hupekua mifuko, hupekua mkoba, huvua watu hata viatu. Alitazama karatasi. Bado ilikuwa na gundi.

Akainua blauzi, akaibandika tumboni.

Ilikuwa baridi. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye, kwamba ilikuwa baridi na ya kupendeza kama kitambaa cha maji kwenye homa.

Sasa mlango. Akapanda lundo la magunia ya mbegu, gunia juu ya gunia, hadi karibu na mabati. Juu kabisa palikuwa na dumu moja tupu la chuma lililosahauliwa. Akaegemeza mgongo ukutani, akalisukuma kwa miguu yote miwili.

Lilianguka kama radi. Likagonga nguzo, likagonga mlango, likarudi likizunguka.

Mashine ya kukoboa ikanyamaza.

"Nani huyo?" sauti ya nje iliuliza.

"Mimi! Bibi Shamba! Nitakufa humu!"

Gundi ikachanika. Kufuli likalia. Mwanga ukaingia kama kofi, na mtunza ghala, mzee mwembamba waliyemwita Mzee Funguo, akamvuta nje kwa kwapa.

"Mama wee! Mwanangu, ulikuwa unatafuta nini humu? Ulikuwa unatafuta nini?"

Alikuwa anakohoa, amepiga magoti kwenye changarawe. Mbele yake palisimama viatu viwili vyeusi, vilivyong'aa, visivyo na hata punje ya vumbi.

"Pole sana, dada yangu," alisema Meneja wa Kampuni. "Njoo ofisini. Unywe chai."

* * *

Ofisi ya Meneja ilikuwa safi kama chumba cha upasuaji. Meza ya kioo, kalenda ya Kampuni, punje za mahindi ndani ya chupa, na feni iliyogeuka polepole kama mtu anayekataa jambo.

"Koti liache hapo mlangoni," alisema Meneja. "Limeshika gesi. Ni utaratibu tu."

Mzee Funguo akalipokea. Aliingiza mkono mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, mfuko wa ndani. Akatikisa kichwa. Mzee wa watu hakumtazama Bibi Shamba usoni.

Meneja hakukasirika. Macho yake yalishuka hadi kwenye tumbo la Bibi Shamba, yakatua hapo kidogo, yakapanda tena.

"Kaa, kaa."

Akakaa.

"Ufukizaji ulipangwa Ijumaa," Bibi Shamba alisema. Sauti ilitoka ikikwaruza. "Ratiba iko ukutani."

"Nimeusogeza."

"Kwa nini?"

"Panya." Meneja alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa. "Nimeambiwa kuna panya ameonekana ghalani."

Feni ikageuka.

"Nilikuwa natafuta fomu za wakulima," Bibi Shamba alisema.

"Nyuma ya madumu?"

"Nilisikia watu, nikaogopa."

"Mtu asiye na kosa anaogopa nini?" Alimsogezea kikombe. "Kunywa. Halafu tujaze fomu ya ajali. Lazima tuijaze, si unajua? Kurasa tisa tu."

Akaanza kusoma. Alisoma kila mstari kwa sauti, taratibu, kama mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza. Jina. Cheo. Mahali pa tukio. Hali ya hewa. Je, mfanyakazi alikuwa amevaa vifaa vya kujikinga? Je, mfanyakazi alikuwa na idhini ya maandishi?

Alipofika ukurasa wa tatu, tumbo la Bibi Shamba lilianza kuwasha.

Kwanza alidhani ni woga. Kisha kuwasha kukawa kuchoma. Pale pale karatasi ilipokuwa, pana kama kiganja.

Akameza mate. Akameza tena. Yalikuwa yanajaa mdomoni kama mtu aliyeona embe bichi.

Mungu wangu, aliwaza. Imelowa. Lebo imelowa.

Dalili alizijua, kwa mpangilio ule ule aliowakaririsha wapiga dawa akiwa amesimama mbele yao na kofia ya Kampuni kichwani: jasho, mate, machozi, macho kufifia, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Ukiona la kwanza, vua nguo, nawa kwa sabuni, kimbia hospitali. Ukisubiri la mwisho, basi tena.

Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. La kwanza. Mate, la pili.

"Bosi, naomba nikamwangalie mdogo wangu. Yuko hospitali."

"Nimesikia. Pole." Meneja aligeuza ukurasa. "Alikuwa mnywaji, siyo?"

"Mrefu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote."

"Taarifa niliyonayo inasema alikuwa amelewa kazini." Akasema hivyo kama mtu anayetaja kwamba leo kuna mawingu. "Lakini Kampuni ina moyo. Kuna nafasi makao makuu. Nyumba, gari, shule ya mwanao. Hutakanyaga tope tena. Wewe umeijenga Kampuni hii, dada yangu. Vijiji ishirini na saba vilipanda kwa mdomo wako."

Kope ya jicho la kushoto ilianza kurukaruka. Aliikandamiza kwa kidole akijifanya anajikuna.

"Hujisikii vizuri?"

"Ni gesi tu, bosi."

"Ajabu." Meneja aliinamisha kichwa, akamtazama kama anavyotazamwa mdudu aliyenaswa kwenye bango la gundi la majaribio. "Gesi ile hukausha koo. Wewe naona unameza mate tu."

Bibi Shamba akashusha kidole.

Anajua, aliwaza. Anajua ilipo. Hana haja ya kuitafuta, anaiacha ifanye kazi.

"Ukurasa wa tano," alisema Meneja kwa upole. "Tusiruke kitu. Je, mfanyakazi amewahi kupewa mafunzo ya usalama?"

Dakika arobaini. Msomaji, zihesabu. Dakika arobaini alikaa kwenye kiti kile, magoti ameyabana yasitetemeke, akijibu ndiyo, hapana, ndiyo, wakati karatasi ile inamnywesha sumu kupitia ngozi. Angeweza kuomba kwenda chooni. Aliomba. "Maliza kwanza, dada yangu, imebaki kidogo." Angeweza kuibandua mbele yake na kuitupa mezani. Aliliwaza hilo mara mbili. Kila mara aliuona mdomo wa Mrefu, na lile povu.

Hatimaye Meneja alifunga faili.

"Nenda kamwangalie mgonjwa," alisema. "Na jitunze. Rangi yako siyo nzuri."

* * *

Mlinzi wa getini alimpekua mkoba, mifuko, viatu, akamrudishia simu. Ilikuwa na miito kumi na moja, yote ya wifi yake, mke wa Mrefu.

Alikodi pikipiki ya kwanza aliyoiona. Barabara ilikuwa inacheza mbele ya macho yake, miti miwili miwili, watu wawili wawili. Mara mbili dereva alimwambia, "Mama, shika vizuri, utaanguka."

Hospitalini hakwenda wodini moja kwa moja. Aliingia choo cha chini, akafunga komeo, akainua blauzi, akabandua.

Alilia kwa sauti. Ngozi ilikuwa imetoka malengelenge, nyekundu, umbo la lebo limejichora pembe nne sawasawa. Akafungua bomba, akanawa kwa sabuni yote iliyokuwepo, akanawa tena. Kisha akaiweka karatasi ukingoni mwa sinki na kuinama hadi pua ikaribie kuigusa, maana macho yalikuwa yamefifia.

Jina la sumu lilikuwepo, refu, herufi kubwa. Fuvu na mifupa. Na mstari mwekundu: IMEONDOLEWA SOKONI. ITEKETEZWE.

Kwa hiyo Kampuni ilikuwa imechukua sumu ya zamani iliyopigwa marufuku, ikaifunika lebo ya chakula cha mmea, ikawapa watu waibebe migongoni bila hata glavu. Kwa sababu hindi lao halikuweza kujilinda na walikuwa wanaona aibu kusema.

Alikuwa na ushahidi! Alikuwa nao mkononi!

Ndipo akaona kipande cha chini kabisa, stika ndogo iliyobandikwa juu ya lebo na kupigwa muhuri.

Imepokelewa na kukaguliwa na. Jina. Sahihi.

Alisoma mara tatu. Alifuta macho kwa mkono wa blauzi, akasoma mara ya nne. Ile D ya jina lake halisi, yenye mkia mrefu. Ile mistari miwili ya chini. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweka sahihi vile.

Ilikuwa sahihi yake.

Na papo hapo akakumbuka. Mwaka juzi, siku ya kufunga ofisi, gari likipiga honi nje, mtu wa stoo kamletea bunda la stika tupu. "Saini hapa, Bibi Shamba, ni utaratibu tu." Alisaini amesimama, akicheka na dereva kupitia dirishani. Stika mia, pengine mia mbili. Hakuuliza ni za nini.

Akakaa sakafuni, kwenye maji machafu.

Akiitoa karatasi hii, wa kwanza kufungwa ni yeye. Wakulima wa vijiji ishirini na saba watasema, kumbe Linajilinda alijua. Mwanawe ataambiwa shuleni, mama yako ndiye aliyetilia watu sumu. Na shimo la choo lilikuwa pale, nusu hatua. Kuvuta mnyororo mara moja tu, na karatasi isingekuwepo tena, na nyumba ya makao makuu ingekuwepo.

Aliunyoosha mkono wenye karatasi. Wallahi, msomaji, sitakuficha. Aliunyoosha juu ya shimo.

Mlango ukagongwa.

"Wifi! Wifi, ni wewe humo? Wameniambia umeingia!" Sauti ya wifi yake ilikuwa imechanika. "Anaacha kupumua! Anapumua, anaacha, anapumua, anaacha! Fungua jamani!"

Akafungua.

* * *

Daktari wa zamu, yule yule wa jana, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Aliikamata lebo kwa kibanio, akaisoma, akaachia pumzi.

"Ndiyo hii. Ndiyo hii hasa! Nesi, ile sindano ya pili. Yote."

"Atapona?" wifi aliuliza.

"Sasa ninajua ninapigana na nani. Dakika moja iliyopita nilikuwa napiga ngumi gizani."

Nesi alikuja na kisahani. Vichupa vitatu vidogo. Wifi alimshika Bibi Shamba mikono yote miwili, akaibusu, akaiweka kifuani. "Asante, wifi yangu. Asante. Sitasahau maisha yangu yote."

Mrefu alikuwa amelala hapo, miguu imezidi kitanda kama kawaida yake, mdomo wazi, kifua kikipanda kama kinapandishwa kwa kamba. Daktari alichoma sindano, akageuka kusema kitu, akamwona Bibi Shamba.

"Niangalie," alimwambia Bibi Shamba.

"Mimi mzima, daktari."

"Nimesema niangalie."

Alimulika tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Hii lebo uliibeba wapi?"

Bibi Shamba aliinua blauzi. Nesi akaziba mdomo.

"Kwa muda gani?"

"Kama... saa mbili hivi. Kidogo zaidi."

Daktari alimkalisha kwenye kitanda cha jirani kwa nguvu. "Nesi, sindano ya kwanza, haraka. Hiyo tunayo. Itamshikilia." Akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Ile ya pili ndiyo hiyo niliyotumia. Hospitali nzima ilikuwa na dozi ya mtu mmoja. Nitapiga simu kila mahali, lakini ya karibu ni mwendo wa saa tano kwa gari."

"Nina saa tano?" Bibi Shamba aliuliza.

Daktari alikuwa ameshaanza kubonyeza namba.

Ajabu ni kwamba hakusikia uchungu. Alimtazama Mrefu. Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena chenyewe, bila kusitasita. Rangi ilikuwa inarudi midomoni. Kope zikafunguka.

"Dada," alisema, sauti kama ya mtu aliye ndani ya kisima. "Bomba nimeliacha shambani. Watanikata mshahara."

Bibi Shamba alitaka kucheka. Alitaka kumwambia, mjinga wewe, achana na bomba. Ulimi haukuinuka. Ulikuwa mzito mdomoni kama kipande cha nyama isiyokuwa yake. Mikono ililegea. Akalala chali, na dari ikamsogelea.

Anasikia. Anaona, kwa ukungu. Ila kusema hawezi.

Ndipo karani wa mapokezi alipoingia mbio, anahema.

"Daktari, kuna mtu pale chini. Amevaa vizuri, viatu vinang'aa, ana gari la Kampuni. Amekuja na boksi zima la zile sindano. Boksi zima! Nimeliona kwa macho yangu."

Daktari akaweka simu chini.

"Kampuni ya chakula cha mmea," alisema polepole, "inafuga boksi la sindano za sumu kwa kazi gani?"

"Sijui, daktari. Anasema atalitoa sasa hivi. Anataka asainiwe karatasi moja tu, kwamba Bibi Shamba alibadilisha lebo mwenyewe, kwa faida yake, na Kampuni haikujua."

"Mwambie apande hapa aniambie mimi huo upuuzi!"

"Nimemwambia. Amesema hapandi." Karani alielekeza kidole kwenye lebo. "Amesema lebo mbaki nayo, ina jina la mwenyewe. Na kama mgonjwa hawezi kushika kalamu, ndugu yeyote anaweza kusaini kwa niaba yake. Amesema hana haraka. Wenye haraka ni nyinyi."



Bibi Shamba aliona wifi yake akigeuka. Aliuona uso wake, umelowa machozi, umejaa shukrani, umejaa huruma, uso wa mwanamke ambaye dakika kumi zilizopita alirudishiwa mume na sasa anataka kulipa.

"Mimi ni ndugu," wifi alisema.

Hapana, alisema Bibi Shamba. Wifi, hapana. Usisaini! Lakini aliyasema ndani ya kichwa tu. Midomo haikutikisika. Alijaribu kidole. Kidole kikagoma.

"Subiri!" daktari alipiga kelele, na wakati huohuo kifua cha Bibi Shamba kikabana, kikakataa kupanda, na daktari ikabidi aachane na wifi amrukie mgonjwa.

Pazia la mlangoni lilitikisika. Wifi hakuwepo tena.

Kutoka wodi ile hadi mapokezi kuna ngazi kumi na sita. Bibi Shamba hakuweza kugeuza shingo. Alichobakiwa nacho ni masikio, akavisikia viatu vya wifi yake vikishuka, kimoja baada ya kingine, mbiombio, hadi vikafika chini na kusimama.